Anakimbia kilomita nane, lakini pumzi inakata raundi ya pili: uchambuzi wa kisa cha bondia wa ridhaa

Bondia wa kisa hiki anacheza ngumi za ridhaa, uzani wa kilo 60, mguu wa kushoto mbele. Pambano lake ni raundi tatu za dakika tatu, mapumziko dakika moja. Hana jina kwa sababu si mtu mmoja. Ameundwa kutokana na tatizo ambalo kocha yeyote aliyekaa kona, yaani pembe ya ulingo anakohudumiwa bondia, kwa miaka kadhaa ameshakutana nalo.

Raundi ya kwanza huwa ni yake. Mikono ina kasi, miguu ni myepesi, jabu, ile ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, inafika. Katikati ya raundi ya pili mambo yanageuka: mdomo uko wazi hadi kinga ya meno inaonekana, mabega yamepanda karibu na masikio, jabu haipigi tena, inasukuma. Anaanza kumkumbatia mpinzani. Raundi ya tatu anarusha ngumi nne mfululizo, anavuta hewa kwa nguvu akiwa bado yuko karibu, na hapohapo inamfikia ngumi ya tumbo ambayo siku nyingine asingeijali. Anapiga goti, mwamuzi anamhesabia hadi nane. Huko nje ya kamba watu wanasema jamaa amekata moto.

Kinachotatanisha ni kwamba huyu si mvivu. Anakimbia kilomita nane kila alfajiri, siku tano kwa wiki, na anaruka kamba robo saa bila kusimama. Kona yake ilitoa hukumu ileile ya siku zote: ongeza mbio. Akaongeza hadi kilomita kumi. Pambano lililofuata pumzi ikakata palepale.

Mbio ndefu za taratibu zinajenga moyo na mapafu, hilo halibishaniwi. Lakini mkimbiaji hupumua kwa kufuata hatua zake, mabega yamelegea, na hakuna anayemtisha afunge koo. Ulingoni karibu kila kitu kinamtaka mtu afunge koo. Kwa hiyo bondia anaweza kuwa na mapafu mazuri ya barabarani na bado akashindwa kuyatumia pale anapoyahitaji.

Walichokiangalia

Kabla ya kubadilisha zoezi lolote, kocha alimtaka apige begi la mazoezi linaloning'inia raundi tatu kamili, kifua wazi, simu ikirekodi kutoka ubavuni kwa kimo cha kiuno. Kimo hicho kina sababu. Simu ikiwa juu inaonyesha ngumi. Ikiwa kiunoni inaonyesha tumbo, mbavu na mifupa ya mtulinga, na hapo ndipo pumzi inaposomeka. Muziki ulizimwa. Gym nyingi zina spika inayopiga kuanzia saa kumi jioni hadi watu wanafunga, na kwa kazi hii ni kikwazo, kwani pumzi inasikika kabla haijaonekana.

Yakaonekana mambo matatu.

Kwenye moja-mbili, yaani jabu na ngumi ya kulia, alikuwa anapumua vizuri. Kwenye mfululizo wa ngumi nne au tano, sauti ilisikika kwenye ngumi ya kwanza tu. Kuanzia ya pili hadi ya mwisho kimya, shingo imetoa mishipa, taya limebanwa. Mfululizo wa namna hiyo huchukua kama sekunde mbili. Mtu akisikia sekunde mbili ataona si kitu. Ila akiurusha mara kumi na mbili katika raundi, hizo ni sekunde 24 kati ya 180 ambazo hakupumua kabisa, na si sekunde za kuzunguka ulingo bali zile ambazo misuli inafanya kazi kubwa kuliko zote.

La pili ni namna alivyokuwa akilipa deni hilo. Kila baada ya mfululizo alinyanyua mabega na kuvuta hewa kubwa kwa mdomo, mikono ikishuka kiasi cha upana wa kiganja. Tumbo halikusogea. Alikuwa anajaza sehemu ya juu ya kifua tu.

La tatu lilijificha zaidi. Kuna ngumi ambazo sauti ilisikika lakini hewa haikutoka. Kocha aliweka kiganja sentimita kumi mbele ya mdomo wake huku akirusha ngumi taratibu: "hng" inasikika, kiganja hakihisi upepo. Huo ni mgumio wa kooni. Koo limefungwa na sauti inatokea nyuma yake. Anayesikiliza kwa masikio peke yake hudanganyika hapa, ndiyo maana kipimo cha kiganja kinafaa kufanywa na kila bondia mpya, hata yule anayepiga kelele gym nzima ikamsikia.

Kwa nini mwili unabana

Mwili unapojiandaa kwa kishindo hubana. Mbeba gunia la mahindi hubana pumzi wakati wa kulitwika begani, na kwake inafaa, kwa sababu shinikizo la hewa iliyofungiwa kifuani na tumboni linakaza kiwiliwili. Ni nyanyuo moja, sekunde moja au mbili, basi. Bondia anarusha makumi ya ngumi kwa raundi. Kila anapofunga koo na kukaza, shinikizo ndani ya kifua linapanda, damu inayorudi kwenye moyo inapungua kwa muda, na misuli ya shingo na mabega inakazwa bila kazi ya maana. Misuli iliyokazwa inatumia oksijeni hata kama haijapiga kitu. Na bega lililokazwa linapunguza kasi ya ngumi, hivyo bondia anaongeza nguvu ili kufidia, anazidi kubana.

Halafu kuna hewa ukaa. Watu wengi hudhani ile hali ya kuishiwa pumzi ni mwili kulilia oksijeni. Kwa sehemu kubwa, kinachomsukuma mtu avute hewa ni hewa ukaa iliyolundikana kwenye damu. Bondia aliyebana hakuitoa, kwa hiyo anasikia kukabwa. Akishasikia kukabwa anaogopa, na woga unafupisha pumzi zaidi. Katika kisa hiki ndiyo ile dakika ya raundi ya pili: mapafu hayajashindwa, ila deni la mifululizo kumi na kitu limefika pamoja na hofu.

Pumzi fupi za kifuani nazo zina hasara yake, ingawa ni ndogo kuliko inavyohubiriwa. Hewa inayojaza koo na mirija mikubwa, karibu mililita 150 kwa mtu mzima, haifiki kwenye vifuko vya mapafu ambako oksijeni inaingia kwenye damu. Chukua lita 40 kwa dakika. Akizivuta kwa pumzi 50 za lita 0.8, lita 7.5 zinaishia njiani, zinafika 32.5. Akizivuta kwa pumzi 25 za lita 1.6, zinafika zaidi kidogo ya 36. Tofauti ipo, lakini haielezi kwa nini mtu aliyekuwa anacheza kama mshale anageuka gunia. Kubana ndiko kunakoeleza.

Mfano unaojulikana zaidi wa bondia kuishiwa ulitokea Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. George Foreman alikuwa na miaka 25, Muhammad Ali 32. Mapambano matatu ya Foreman kabla ya hapo, dhidi ya Joe Frazier, José Roman na Ken Norton, kwa jumla yalichukua raundi tano tu. Ali akaegemea kamba, akajifunika, akamwachia arushe ngumi nzito moja baada ya nyingine, kila moja ya kumaliza kazi. Raundi ya nane Foreman akaangushwa. Alikuwa na nguvu za kumtosha mtu yeyote, lakini kila ngumi aliitoza bei ya ngumi ya mwisho. Miaka ishirini baadaye, Novemba 1994, akiwa na miaka 45, huyohuyo alimwangusha Michael Moorer raundi ya kumi, akipiga kwa utulivu, bila haraka. Umri huo hauleti mapafu mapya. Ulibadilika utumiaji.

Sahihisho la kwanza lilivyoharibu

Kocha alifanya kinachofanywa na wengi. Akamwambia: "Toa pumzi kila ngumi, nataka kukusikia." Kijana akatii. Kila ngumi ikawa na "fuuu" ndefu ya nguvu zote. Wiki moja baadaye alikuwa mbaya kuliko mwanzo, na sababu zake zinafaa kufuatwa moja moja.

Akitoa hewa yote kwenye jabu na ngumi ya kulia, ngumi ya tatu inakuta mapafu matupu. Hana budi kuvuta katikati ya mfululizo, na anapovuta misuli ya tumbo inalegea, kwa kuwa kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kinashuka na tumbo lazima lijae. Hapo ndipo mpinzani anarudisha. Ngumi ikiingia chini ya kifua wakati huo kiwambo kinakakamaa, na kwa sekunde kadhaa mtu hawezi kuvuta wala kutoa. Ikiingia chini ya mbavu za kulia, kwenye ini, hata mwenye roho ngumu hukaa chini. Tena anayevuta kwa mdomo taya lake liko wazi, na taya lililo wazi huvunjika au kuteguka kwa ngumi ambayo lililofungwa lingeistahimili.

Kwenye begi likajitokeza la ajabu zaidi: dakika ya pili akaanza kusikia kizunguzungu, midomo na vidole vikimchonyota. Alikuwa anapuliza kuliko mwili unavyohitaji, hewa ukaa ikashuka mno. Kocha akadhani ni njaa, akampa soda.

Kasoro ya mwisho aliigundua mwenzake wa sparingi, yaani pambano la mazoezi. "Fuuu" ilikuwa inaanza kabla mkono haujatoka. Mpinzani aliyetulia akizoea kuisikia anakwepa kwa sikio.

Kwa hiyo agizo la "toa pumzi kila ngumi" ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo ngumu: itoke kiasi gani, na irudi wapi. Mabondia wengi waliokwama hawakukwama kwenye kutoa. Walikwama kwa sababu hakuna aliyewaonyesha mahali pa kuvuta.

Pumzi ya ngumi ilivyotengenezwa upya

Kiasi kwanza. Ngumi moja inahitaji hewa kidogo sana, kishindo kifupi cha mbele ya mdomo, kama mtu anayefukuza kuku mlangoni bila kutaka kuamsha waliolala. Meno yamekaa juu ya kinga, midomo imeachana kidogo, ncha ya ulimi iko nyuma ya meno ya juu, sauti ni "ts" au "sh". Herufi hizo zina faida, ni vigumu kuzitamka koo likiwa limefungwa. Anayesema "hng" au "ah" anaweza kudanganya. Anayesema "ts" kwa kawaida hewa inapita. Wengine hutolea puani, nayo inafaa mradi pua ni nzima. Pua iliyowahi kuvunjika au yenye mafua haiaminiki raundi ya tatu.

Wakati wake: hewa inaanza kutoka ngumi ikiwa katikati ya safari na inakatwa ghafla inapogusa. Kule kukata ndiko kunakokaza tumbo. Kwa nukta moja kiwiliwili kinakuwa kigumu, nguvu ya nyonga inapita hadi kwenye ngumi, na tumbo limelindwa kama mpinzani anapiga wakati huohuo. Kisha linaachiwa. Kosa la kawaida ni kutoliachia.

Kati ya ngumi na ngumi hakuna kuvuta kwa makusudi. Mkono unaporudi tumbo linalegea, na hewa kidogo inaingia yenyewe puani. Kwenye mfululizo wa haraka wa ngumi tatu au nne hata hiyo haiingii. Pumzi moja inagawanywa vipande vinne, "ts-ts-ts-ts", na bado mapafu yana akiba. Kijana alipewa kipimo rahisi: baada ya ngumi ya nne aweze kusema jina lake kwa sauti ya kawaida kabla ya kuvuta. Asipoweza, alipuliza mno.

Si kila ngumi ina pumzi sawa. Jabu ni ndogo kabisa, na jabu mbili za haraka zinaweza kugawana moja. Ngumi ya kulia ya moja kwa moja ina zaidi kidogo kwa kuwa kiwiliwili kinazunguka. Ndoano ya kushoto ya kichwa, ngumi inayozunguka kutoka pembeni kiwiko kikiwa kimekunjwa, ni fupi na kavu. Ndoano ya mbavuni inahitaji pumzi ndefu kuliko zote, maana unapojikunja upande mbavu zinajibana na hewa inataka kutoka yenyewe. Kwenye apakati, ngumi inayopanda kutoka chini, wengi hunaswa: wanapochuchumaa kidogo kuipata wanavuta hewa, wanakuwa chini, tumbo laini, uso mbele ya ngumi ya mtu. Kuchuchumaa kuende na kutoa kidogo, kunyanyuka na ngumi kuende na kumalizia.

Kupokea ngumi kuna pumzi yake pia, ileile "ts", wakati ngumi inagusa mkono au tumbo. Hili husahaulika. Bondia anafundishwa kupumua anapopiga, akipigwa anabana, na hivyo nusu ya pambano amebana.

Mahali pa kuvuta

Kocha alichora duara mbili sakafuni kwa chaki kuzunguka begi. Ya ndani ni umbali ambao mkono wa kulia unafika. Ya nje ni hatua moja zaidi. Sheria ikawa hii: ndani ya duara ndogo hakuna kuvuta pumzi kubwa. Unaingia na hewa, kama theluthi mbili ya mapafu, si umejaza hadi kifua kinabana. Unapiga, unatoka, na mguu wa nyuma unapokanyaga nje ya duara ndipo unapovuta, puani, mdomo umefungwa, mikono imebaki juu. Mkono ukishuka wakati wa kuvuta, zoezi linarudiwa.

Ulingoni sehemu nyingine za kuvuta ni chache na zinafundishika. Baada ya kuzunguka pembeni ya mguu wa mbele wa mpinzani, wakati yeye anajipanga upya. Nyuma ya mikono iliyojifunika, kwa pumzi ndogo ndogo, kama yeye anatafuta nafasi na hajaanza kurusha. Kwenye kukumbatiana: kidevu kimeshuka, paji la uso kwenye bega lake, mikono yake imefungwa, pumzi mbili za pua, ndefu, tumbo likisukuma tumbo lake. Mwamuzi atatenganisha ndani ya sekunde mbili tatu. Anayetumia muda huo kusukumana anautupa. Wazee wa mchezo huenda kukumbatia kwa ajili hiyo tu, na ndiyo maana wanaonekana kuchoka na hawachoki.

Vifaa

Kabla ya kulaumu mapafu, kocha alishika kinga ya meno. Ilikuwa ya kuchemsha na kuuma, haikuchemshwa sawasawa, ikawa inadondoka taya likilegea. Kijana alikuwa anaibana kwa meno raundi nzima ili isitoke, na taya likibanwa hivyo shingo nayo inakazwa. Kinga iliyokaa vizuri hushika meno ya juu hata mdomo ukiwa wazi. Ilichemshwa tena kwa kufuata maelezo ya pakiti, ikanyonywa na kusukumwa kwa ulimi na vidole, kisha ncha za nyuma zikapunguzwa kidogo kwa mkasi kwa kuwa zilikuwa zinamtia kichefuchefu.

Kinga ya kinena ilikuwa imefungwa juu ya kitovu na kukazwa. Tumbo lililofungwa mkanda haliwezi kujaa, kwa hiyo pumzi inapanda kifuani hata kwa mtu anayejua. Ikashushwa hadi kwenye mifupa ya nyonga, na kamba ikalegezwa hadi vidole viwili vipite.

Chakula nacho kikaangaliwa. Sahani ya ugali saa moja kabla ya sparingi inakikandamiza kiwambo kutoka chini. Mlo mkubwa ukasogezwa uwe saa tatu kabla.

Na pale pumzi inaposhuka ghafla kwa bondia aliyekuwa sawa mwezi uliopita, zoezi si dawa. Apimwe malaria, apimwe wingi wa damu. Anayekohoa au kifua kulia filimbi dakika chache baada ya kazi nzito aonwe na daktari kwa ajili ya pumu. Maumivu ya kifua au kuzimia ni kusimamisha mazoezi siku hiyohiyo hadi apimwe moyo. Kijana wa kisa hiki alipimwa, hakuwa na kitu.

Wiki nne

Wiki ya kwanza ilikuwa ya aibu kidogo kwa mtu aliyezoea kushindana. Dakika tano kila siku chali sakafuni, magoti yamekunjwa, mkono mmoja kifuani mwingine tumboni, kuvuta puani kwa hesabu ya nne, kutoa kwa hesabu ya sita. Mkono wa tumboni tu ndio unaoruhusiwa kupanda. Hili halijengi stamina hata chembe. Kazi yake ni kumtambulisha na kiwambo chake. Halafu vilevile akiwa amesimama kwenye mkao wa ngumi, ambako wengi hupotea tena, maana viwiko vilivyobandikwa mbavuni vinazuia mbavu kupanuka. Viwiko viguse tu. Baada ya hapo raundi tatu za dakika mbili za kupigana na kivuli, yaani kurusha ngumi hewani, nusu kasi, moja-mbili peke yake.

Wiki ya pili alirudi kwenye begi kwa nusu ya nguvu. Kocha alisimama nyuma yake amefumba macho, kila ngumi isiyosikika akasema "kimya", na kijana akaanza mfululizo upya. Ngumi mbili, kisha tatu, kisha nne, kila mara akitoka nje ya duara kwa pumzi mbili kamili. Nusu ya nguvu ni lazima. Akipewa ruhusa ya kupiga kwa nguvu kabla pumzi haijazoea, kubana kunarudi siku hiyohiyo.

Wiki ya tatu nguvu zikaongezwa: sekunde 30 kali, sekunde 30 nyepesi, mara tatu kwa raundi ya dakika tatu, raundi nne. Sekunde 15 za mwisho za kila kipande chepesi alitakiwa awe amerudi kwenye pumzi ya pua. Mwishoni mwa mazoezi kocha alizunguka naye akiwa na pedi, akimgusa tumboni bila kutaja wakati, kijana akipokea kwa "ts". Mguso ni mguso. Kuna gym zinamlaza bondia na kumdondoshea mpira mzito tumboni wiki ya kwanza. Huyo anafundishwa kuogopa, na anayeogopa anabana.

Mbio nazo zikabadilishwa badala ya kuongezwa. Siku tano zikawa tatu. Mbili za taratibu, kilomita tano hadi sita, mdomo umefungwa. Akishindwa kupumua kwa pua apunguze mwendo. Moja ya vipande: dakika tatu kali, dakika moja ya kutembea, mara sita. Kwa pambano la raundi tatu hicho ndicho kipande kinachofanana na kazi.

Wiki ya nne ndiyo sparingi, kwanza raundi tatu za dakika mbili, mwenzake akiruhusiwa jabu na ngumi za mwili tu.

Dakika ya kona

Katika dakika moja ya mapumziko, ukitoa muda wa kufika kwenye kiti na ule wa kusimama kabla ya kengele, zinabaki kama sekunde 40. Kona ilikuwa inazitumia kumpigia kelele. Utaratibu mpya ulikuwa huu: akae, kinga ya meno itolewe, mikono ilale mapajani, msaidizi avute mkanda wa kaptula mbele ili tumbo lipate nafasi. Kitu cha kwanza ni kutoa pumzi ndefu hadi mwisho. Aliyeishiwa hujaribu kuvuta juu ya kifua ambacho tayari kimejaa, ndiyo maana haingii kitu. Akishatoa, pumzi tatu nne zije zinavyokuja, hata kwa mdomo. Baada ya hapo avute puani kwa hesabu ya tatu, atoe mdomoni kwa tano. Kocha anyamaze hadi sekunde ya ishirini. Maji ni funda moja au mawili, maana anayemeza hapumui. Agizo liwe moja.

Kukaa si amri. Foreman aliporudi ulingoni uzeeni alikuwa anasimama kwenye kona kati ya raundi, na hakuna aliyemlazimisha. Kwa bondia wa raundi tatu ambaye miguu yake inatetemeka, kiti kinafaa.

Kilichobadilika na kilichobaki

Sparingi ya mwisho ya mwezi alimaliza raundi tatu mikono ikiwa juu, na katika sekunde 15 za kwanza baada ya kengele ya kumaliza raundi ya pili pumzi zake zilihesabika, jambo ambalo mwanzoni halikuwezekana kwa jinsi zilivyokuwa fupi. Anarusha ngumi chache kidogo kuliko zamani raundi ya kwanza na nyingi zaidi raundi ya tatu. Mifululizo ya ngumi nne imekaa sawa. Ya ngumi sita bado inamshinda, na kwa sasa kocha ameiondoa kwenye mpango badala ya kuilazimisha.

Kubana hakujaisha. Akishtukizwa na ngumi nzito ananyamaza kwa ngumi tatu nne zinazofuata, na ndoano yake ya mbavuni bado ni kimya mara nyingi, labda kwa kuwa ndiyo anayoipenda na anaitilia nguvu zote. Kwa hiyo zoezi la sasa ni hilo tu: raundi moja ya begi kila siku, ndoano ya mbavuni peke yake, nusu ya nguvu, kiganja cha kocha mbele ya mdomo. Kwa upande wa kushtukizwa, mwenzake wa sparingi ameruhusiwa kumgonga mara moja kwa raundi bila onyo, na kona inasikiliza ngumi inayofuata ina sauti au haina.